Jamani, Jiko Hili la Ngara!

Jamani! Nimeingia jikoni kwa shangazi, nyumba mpya kabisa mlimani Ngara, gundi ya marumaru ndiyo kwanza imekauka, na mpaka sasa sijatulia. Hata sufuria haijabandikwa, lakini nasema mapema: anayejenga kuanzia Rusumo hadi Biharamulo mjini aje alione hili kabla hajanunua hata boksi moja.

Humu kila kitu kinamjua mwenzake. Sakafu, kaunta, makabati, bomba, vishikio, mpaka grauti!

Sakafu ndiyo iliyotangulia, na hapo ndipo shangazi alipotuacha mbali. Udongo wa huku ni mwekundu. Masika unaingia na viatu, kiangazi unaingia na upepo. Marumaru nyeupe ya kung'aa, ile inayokuita kutoka mlangoni mwa duka, ingemfanya apige deki kutwa. Yeye kachukua ya sentimita 60 kwa 60, rangi ya mchanga inayoelekea wekundu, uso haung'ai wala hautelezi. Nimeikanyaga makusudi na kandambili za vumbi. Hakuna kilichoonekana!

Wekundu huo ndio ukachagua makabati: milango ya mninga, mti wa misitu ya miombo, umepakwa vanishi ya kuacha mbao zionekane. Fundi hakutumia MDF chini ya sinki, maana ikinywa maji inavimba. Kajenga vigawanyo vya tofali, akamwaga rafu za zege, kisha akafunga milango kwa mbele. Panya watahangaika sana.

Sasa kaunta. Nilitegemea graniti nyeusi. La hasha! Ni terazo, imemwagwa papo hapo na kusuguliwa kwa mashine mpaka ikalainika kama yai. Ya kijivu, ndani yake vipande vyeusi na vyekundu, kwa hiyo inashikana na mninga kwa wekundu na bomba kwa weusi. Vishikio na bawaba navyo ni vyeusi, vya aina moja. Tahadhari moja: terazo ni saruji, na ndimu au nyanya zikilala juu yake zinaila. Ipakwe dawa ya kuziba vitundu, na anayekatakata atumie ubao.

Nyuma ya jiko la gesi ukuta ni mweupe, marumaru za 30 kwa 60, lakini grauti ni ya kijivu iliyokolea. Mafuta yatarukia hapo kila siku, na grauti nyeupe huanza kujionyesha mapema. Weupe wenyewe umewezekana kwa sababu ya gesi. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, wa 2024 hadi 2034, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034, na hapa nimeona faida yake ukutani: hakuna masizi. Jiko la mkaa limebaki uani kwa ajili ya maharage.

Halafu nikageuka, nikapiga kelele. Ukuta wa pili umetundikwa imigongo! Ni sanaa ya majirani zetu wa Gisaka, ng'ambo ya mto Kagera, ambayo simulizi zinaihusisha na Kakira, mwana wa mfalme. Samadi ya ng'ombe huchanganywa na majivu, ikaumbwa mistari iliyoinuka, kisha ikapakwa rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu. Rangi zile zile za jiko! Na shangazi kaitundika mbali na sinki na mvuke, kwa sababu samadi na maji havipatani.

Mwenye kutaka kuiga asikie hili. Marumaru nyingi tunazonunua zinatoka viwanda vya Mkoa wa Pwani, Mkuranga na Chalinze, na zinasafiri zaidi ya kilomita elfu moja hadi kupita Nyakanazi. Ukipungukiwa, huenda zitakazofuata zikawa za mkupuo mwingine kiwandani, rangi ikapishana kidogo, nawe utaiona kila asubuhi. Soma namba ya mkupuo kwenye kila boksi, zote zifanane. Boksi la 60 kwa 60 lina vipande 4, mita za mraba 1.44. Jiko la mita za mraba 12, ukiongeza asilimia 10 ya kukatwa na kuvunjika, ni maboksi 10.

Kasoro? Taa! Wamefunga balbu nyeupe ya kuumiza macho, na mninga wote umegeuka kijivu. Balbu ya kelvini 3000, yenye mwanga wa manjano, ingeurudishia uhai. Na droo ni mbili tu, vijiko na miko vitagombania nafasi.

Mninga una bei yake, najua. Mfuko ukiwa mwepesi, chukua sakafu, grauti ya kijivu na vishikio vyeusi, kisha milango ya msonobari iliyopakwa rangi ya udongo. Ila usichague chochote dukani kwa kukitazama peke yake. Beba kipande cha marumaru na kipande cha mbao, vipeleke jikoni kwako, vilaze pamoja sakafuni, uvitazame mchana na uvitazame usiku taa ikiwaka. Vikipatana hapo, lipa!