Kufuma na kufumua: mpira wa mtoto una thamani gani?

Mstari wa ikweta unapita kati ya Butembo na Lubero, basi wageni wanafikiri kwetu ni joto tupu. Sisi tunaoamka mapema kwenye milima inayopita metri 2 000 tunajua baridi yake. Ndiyo maana mtoto akizaliwa, wamama wanamletea mpira wa kufumwa na mikono, pamoja na kofia na soksi.

Wengi wanasema hii ni desturi ya wakubwa wetu wa zamani. Tuseme ukweli: hapana. Kondoo wetu wana nywele fupi, hawatoi sufu. Kazi hii ilifika wakati wa ukoloni wa Wabelgiji, kupitia wamasista na zile foyer ambamo wamama walifundishwa kushona na kufuma. Lakini kitu hakiwi desturi juu ya umri wake tu. Kinakuwa desturi juu ya akili ambayo watu wanakiongezea.

Na akili ya wamama wetu ilikuwa kufumua. Mikono ya mpira waliifuma kutoka begani kwenda chini. Mtoto akirefuka, wanafungua mwisho tu na kuongeza mistari. Mpira ukiwa mdogo kabisa, wanaufumua wote, wanafua uzi, wanautundika na kajiwe ili unyooke, halafu wanaanza upya na rangi ya pili. Kudumu kwa nguo ile hakukuwa ndani ya uzi peke yake, kulikuwa ndani ya mikono.

Leo tunaona kasoro mbili. Ya kwanza ni uzi. Ku soko kila uzi wa kufuma unaitwa leni, hata ule wa akriliki. Choma kipande kidogo: sufu inanuka kama nywele na inaacha majivu; akriliki inayeyuka na kuwa kidonge kigumu. Karibu na mbabula, tofauti hii si mchezo. Hatumlaumu mama anayenunua akriliki: bei yake ni ndogo na inafulika vizuri, wakati sufu ikitiwa maji ya moto inajikunja. Ila ajue anachonunua.

Ya pili ni bei. Mnunuzi analinganisha na mpira wa balo, na analipa uzi tu. Zile usiku za kazi hazihesabiwi. Kumbe mipira mingi ya mashine imekatwa kama kitambaa na kushonwa: ukiifumua, unapata vipande vifupi tu. Kweli, si kila kazi ya mikono ni nzuri. Kola isiyopitisha kichwa inaliza mtoto. Hiyo tuikosoe bila haya. Lakini iliyo nzuri tuilipe.

Darasani wasichana wengi wanajua kuanza mistari; kufumua na kurudilia, karibu hakuna. Tukifundisha nusu ya kazi, tutabaki na nguo ya mtoto mmoja. Wamama wanaojua wangali pamoja nasi. Tuwaite, tungali nao.