Mwana Umleavyo: Uhakiki wa Wanasesere wa Mtindo wa Kale

Katika sanaa zote za mikono, ile ya kutengeneza wanasesere ndiyo iliyokosa wahakiki. Ngoma ina wajuzi wake, ushairi una mabingwa wake, na kinyago kina wanunuzi kutoka pembe zote za dunia. Lakini mtoto wa bandia huhesabiwa kuwa jambo la kitoto, la kuachiwa wasichana wadogo uani. Dharau hiyo haina haki. Mwanasesere ni sanamu ya kwanza ambayo binadamu huishika kwa mkono wake mwenyewe, akaipa jina, akaibeba mgongoni, akaibembeleza ilale. Kabla mtoto hajajua kusoma, sanamu hiyo ndogo imekwisha kumfundisha jamii yake huona nini kuwa kizuri, na hutazamia nini kwake.

Siku hizi wanasesere wa mtindo wa kale wamepata wapenzi wengi, hapa kwetu na katika nchi za mbali. Wapo mafundi wanaowachonga upya, wapo wanaowashona kwa vitambaa, na wapo wanaochukua wanasesere wa kiwandani wakawageuza sura na mavazi hata wakafanana na wa zamani. Katika insha hii tunakusudia kuipima kazi hiyo. Swali letu ni moja tu: ni kitu gani kinachomfanya mwanasesere mpya wa mtindo wa kale awe mrithi wa kweli wa yule aliyemtangulia, na ni kitu gani kinachomfanya awe mwigo mtupu?

Tuanze na mfano ulio karibu nasi. Wazaramo wa Kisarawe, Bagamoyo na viunga vya Dar es Salaam, pamoja na majirani zao kama Wakwere, Wakutu, Wadoe na Waluguru, ni watu waliohesabu ukoo kwa upande wa mama. Kwao alizaliwa mwanasesere aitwaye mwana hiti. Msichana aliyevunja ungo aliwekwa ndani, akaitwa mwali. Na katika muda huo wa kukaa ndani alikabidhiwa mwana hiti amtunze kama mtoto wake. Alimwogesha, akampaka mafuta, akamtengeneza nywele, akalala naye. Utunzaji huo ulikuwa somo, tena ulikuwa dua, kwani iliaminiwa kwamba uzazi wa mwali ulifungamana na namna alivyomlea huyo mtoto wa mti. Mwali alipotoka, aghalabu mwana hiti alirudi mikononi mwa wazee, akangoja mwali mwingine.

Umbo la mwana hiti ni geni kwa jicho lililozoea wanasesere wa dukani. Kiwiliwili chake ni kama kigogo kidogo cha mviringo, kilichonyooka. Hana mikono wala miguu. Matiti na kitovu huonyeshwa kwa vinundu vidogo, na uso una alama chache mno, au hauna hata moja. Ufundi wa mchongaji umepanda wote kichwani, kwenye nywele zilizoinuka kama kilemba cha jogoo, mara nyingi zikiwa zimegawanyika mafungu mawili yenye bonde katikati. Wengi wao ni wadogo, wa kuenea katika kiganja.

Mhakiki mwenye haraka atasema kwamba hiyo ni kazi ya mtu asiyejua kuchonga kidole. Lakini wachongaji wa sehemu hizo hizo walitengeneza fimbo za wazee, viti vya heshima na nguzo za makaburini, na katika kazi hizo walichonga pia watu wenye mikono na miguu kamili. Ni dhahiri basi kwamba mchongaji wa mwana hiti aliweza, ila hakutaka. Kwa maoni yetu, aliacha mikono kwa sababu mikono ya mwali ilikuwapo. Aliuacha uso mtupu kwa sababu mtoto aliyetazamiwa alikuwa hajazaliwa, na hakuna ajuaye sura ya asiyezaliwa. Alichokikamilisha ni nywele, kwani nywele ndizo zilizotaka kushikwa, kupakwa mafuta na kutunzwa.

Kwa hiyo mwana hiti alikuwa na mafundi wawili. Wa kwanza alikuwa mchongaji, aliyemtoa katika mti kwa tezo na kisu. Wa pili alikuwa mwali, aliyemtoa katika ukavu wa mti kwa mafuta na mikono yake. Wale wa zamani waliohifadhiwa katika majumba ya makumbusho, hapa nchini na hata Ujerumani walikopelekwa wengine tangu zama za ukoloni, wanang'aa kwa kazi ya fundi huyo wa pili, ambaye jina lake halikuandikwa popote. Wahenga walisema kwamba mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hiyo twaitumia kwa watoto wa nyama na damu, lakini kwa mwana hiti ilikuwa kweli hata kwa macho: alivyolelewa ndivyo alivyokuja kuwa.

Tuje sasa kwa warithi wake. Katika biashara ya vinyago mwana hiti amerudi. Amechongwa juzi, lakini ametiwa uzee. Hupakwa dawa ya viatu, hufukizwa moshi, hufukiwa udongoni na kusuguliwa kwa msasa, kisha hupewa hadithi ya bibi aliyemrithi kwa bibi yake. Hila hizi si za kwetu peke yetu. Zinajulikana popote duniani vitu vya kale vinapouzwa kwa bei kubwa.

Mwanafunzi anayetaka kujizoeza jicho la uhakiki aweza kuanzia hapo. Mkono wa mlezi haumlainishi mtoto mahali pote sawasawa. Hulainisha zaidi pale unapomshika, pembeni mwa kiwiliwili, shingoni na kwenye nywele, na huacha vumbi na weusi wa mafuta katika mabonde ambayo kidole hakifiki. Uzee wa msasa hauna mapendeleo: umepita kila mahali kwa kipimo kimoja, kama mtu aliyeamrishwa kulia katika msiba usio wake.

Hatusemi haya ili kumlaumu mchongaji mwenye watoto wa kulisha. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na soko la wageni limewalisha wengi. Wala hatusemi kwamba kuiga ni kosa. Mwana hiti wa zamani naye aliigwa kutoka kwa wa zamani zaidi, na bila ya kuigwa asingetufikia. Tunalolikataa ni mambo mawili. Kwanza, mwigo huu unasema uongo juu ya umri wake. Pili, kwa kujitia uzee unamfungia nje fundi wa pili. Mwanasesere aliyekwisha kuchakazwa kabla ya kununuliwa hana tena kazi ya kumpa mwenyewe. Atawekwa rafuni, naye hatalelewa na mtu.

Ili tusidhani kwamba jambo hili ni la Waafrika tu, na tutazame mfano wa mbali. Mwaka 1972 kampuni ya Kenner ya Marekani ilitoa mwanasesere aliyeitwa Blythe. Kichwa chake kilikuwa kikubwa mno kuliko mwili, na macho yake yalibadilika rangi, moja baada ya nyingine katika rangi nne, kila ulipovutwa uzi uliokuwa kisogoni. Hakupendwa, na haukupita muda mrefu akaondolewa sokoni. Mwaka 2000 mpiga picha wa New York, Gina Garan, alichapisha kitabu cha picha za mwanasesere huyo aliyesahauliwa, na mwaka 2001 kampuni ya Takara ya Ujapani ikaanza kumtoa upya. Tangu hapo pamezuka ufundi wa pekee. Watu hununua Blythe mpya, wakamfungua kichwa, wakapunguza mng'ao wa uso wake kwa msasa, wakamchonga midomo, wakambadilisha macho, wakampandikiza nywele fungu kwa fungu, wakamshonea magauni ya mtindo wa miaka ya 1960 na 1970.

Kuna mambo ya kusifu katika ufundi huo. Kiwanda humtoa mwanasesere aliyekamilika, anayefanana na wenzake wote. Fundi wa nyumbani hukataa ukamilifu huo, akarudi kuwa fundi wa pili. Msasa wake pia ni tofauti na ule tuliousema, maana hautumiki kudanganya. Wengi wa mafundi hao hutia alama au saini zao juu ya kazi, na mnunuzi hujua kwamba gauni la mtindo wa 1965 limeshonwa jana. Mtindo ni wa kale, umri ni wa leo, na hapana anayefichwa neno.

Lakini pana kasoro pia. Wanasesere hao aghalabu hutengenezwa na watu wazima kwa ajili ya watu wazima, kwa bei ambayo mtoto haifikii, na wengi hukaa katika kabati wakingoja kupigwa picha. Mwanasesere asiyepata kuchezewa ni sawa na ngoma isiyopata kupigwa: ngozi yake imewambwa vyema, rangi zake zinapendeza, ila hakuna anayejua sauti yake.

Kutokana na mifano hii miwili twaweza kutoa vipimo vitatu. Kipimo cha kwanza ni ukweli: mwanasesere wa mtindo wa kale aeleze waziwazi kwamba ni wa leo. Kipimo cha pili ni nafasi: fundi amwachie mwenyewe kazi ya kufanya, awe na nywele za kusuka, mwili wa kuvika na jina la kupewa. Kipimo cha tatu ni matumizi: awepo mtu wa kumshika, hasa mtoto. Mwana hiti wa mlezi alikuwa na vyote vitatu. Blythe wa fundi ana viwili vya kwanza, na cha tatu kwa nadra. Mwana hiti aliyetiwa uzee hana hata kimoja, ingawa kwa sura ndiye anayefanana zaidi na babu zake. Hapa ndipo twaona kwamba kufanana si kurithi.

Msomaji aweza kutuuliza: je, mnataka mwali arudishwe ndani ndipo mwana hiti apate mlezi? Sivyo. Zamani mwali aliweza kuwekwa ndani kwa muda mrefu, hata miaka, na hakuna mwalimu wala mzazi mwenye akili atakayependa msichana atolewe darasani kwa ajili hiyo. Tena tuseme kweli yote. Mwana hiti alimfunza mwali kwamba thamani yake kubwa ni kuzaa, na mwali ambaye hakujaliwa kuzaa aliweza kutazamwa kana kwamba alimpuuza mtoto wake wa mti. Urithi wetu una mafundisho ya namna hiyo pia, na kuutukuza bila ya kuuchambua ni namna nyingine ya kuupaka dawa ya viatu.

Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, alitaka itafute mila zilizo bora za makabila yetu na kuzifanya kuwa sehemu ya utamaduni wa taifa. Palipo na ubora hapana budi pawe na kuchagua. Katika mwana hiti tungechagua mambo matatu: fikira kwamba uzuri wa kitu hukamilishwa na utunzaji, ujasiri wa fundi wa kuacha nafasi, na kupokezana kwa vizazi. Mambo hayo yafaa kufundishwa wavulana kama wasichana, kwa kuwa kulea si kazi ya mama peke yake.

Shuleni kazi hii haihitaji fedha. Gunzi la muhindi, ambalo watoto wa vijijini wamelifanya mtoto tangu zamani, lina kiwiliwili kilichonyooka, halina mikono wala miguu, tena huweza kuachiwa nywele zake. Ni jamaa wa karibu wa mwana hiti, na halijapata kumdanganya mtu. Mabaki ya kanga na pamba kidogo hutosha kwa mtoto wa kushona. Mwalimu awatume wanafunzi kwa bibi zao wakaulize nywele zilisukwaje walipokuwa wasichana: nani alisuka mabutu, nani alisuka twende kilioni, nani alifunga nywele kwa uzi, na kanga ilifungwaje siku ya arusi na siku ya msiba. Wakirudi, watengeneze wanasesere kwa kuyafuata maelezo hayo, na hapo watakuwa wameandika kwa sindano historia ambayo haimo katika vitabu vyao.

Tunaongeza sharti moja. Chini ya kila mwanasesere paandikwe jina la aliyemtengeneza, mahali na mwaka. Kisha apewe mtoto mdogo, hata kama ni wa jirani, amwogeshe, amsuke, amwangushe na kumwokota. Baada ya miaka maandishi hayo yataanza kufifia kwa kushikwashikwa. Siku yatakapofutika kabisa, mwanasesere huyo atakuwa wa kale, na hatakuwapo mtu atakayelazimika kumtungia hadithi.