Ufundi wa Alizeti

Toka Utemini mjini Singida, uelekee mashambani mwezi wa pili, mvua ikiwa imekata wiki nzima, ukaitazame alizeti saa nane mchana. Majani yamelegea, lakini mwenye shamba hana haraka ya kusikitika. Jua likipoa yatasimama. Mkoa huu hupata mvua ya milimita 500 hadi 800 kwa mwaka, tena msimu mmoja tu, basi zao la huku sharti lijue kubana matumizi.

Ninachokistaajabia mimi kinafanyika ndani ya jani lile lililolegea. Kuna asidi amino iitwayo prolini. Ukame ukibana, mmea huitengeneza kutoka kwa nyingine, glutamati, na kuirundika kwenye seli. Hapo huyashikilia maji yasitoroke yote na kuzilinda protini zisiharibike. Mvua ikirudi, prolini huvunjwavunjwa ikawa glutamati tena, na nishati ikapatikana humohumo.

Malighafi yenyewe huanzia chini. Mizizi hufyonza naitreti, kwa mfano ile itokanayo na samadi iliyooza, na mmea huigeuza hatua kwa hatua hadi amonia. Amonia ikirundikana ni sumu, kwa hiyo hailazwi: papo hapo huunganishwa na glutamati, ikawa glutamini. Kutoka hapo naitrojeni hupokezanwa hadi zinapatikana asidi amino zote 20 za kujengea protini. Sisi binadamu tisa kati ya hizo hatuwezi kuzitengeneza, ni lazima tuzile. Alizeti huzitengeneza zote. Ndiyo maana nikiona chupa za asidi amino za kupulizia majani dukani, huwa nauliza kwanza kama shamba limepata samadi.

Lakini protini ni kazi moja tu. Triptofani, kwa hatua mbili, hugeuzwa oksini, kichochea ukuaji ambacho kinashiriki pale alizeti changa inapolifuata jua: mchana shina hurefuka zaidi upande wa mashariki, usiku upande wa magharibi, asubuhi kichwa kimeshalisubiri jua. Kikikomaa hubaki kimeelekea mashariki, hupata joto mapema, na nyuki hukipenda. Fenilalanini nayo huishia kwenye lignini, ile inayolikaza shina libebe kichwa kizito bila kuvunjika.

Mtama, jirani yake shambani, una ufundi mkali zaidi. Kutoka kwa tirosini hutengeneza dhurini na kuiweka mbali na kimeng'enya cha kuivunja. Ng'ombe akitafuna jani, viwili hivyo hukutana na saianidi huachiwa. Mtama mchanga ndio wenye dhurini nyingi, hasa ukiwa umedumazwa na jua, na mifugo iliyoachiwa shamba la namna hiyo inaweza kufa siku hiyohiyo. Kifaa kilekile cha kujengea mwili, mmea umekitia makali.

Alizeti ikianza kukomaa, majani ya chini hutangulia kugeuka manjano. Huo si ugonjwa. Mmea unabomoa protini za majani yake, kubwa zaidi ikiwa ile inayonasa hewa ya ukaa, na asidi amino zake husafirishwa kwenda kwenye mbegu. Mgongo wa kichwa ukishakuwa wa kahawia, jani limebaki karibu ganda tupu.

Mbegu ikifika mashineni, mafuta hutoka na protini hubaki kwenye mashudu, ambayo wafugaji huyanunua kwa ajili ya kuku na ng'ombe. Mashudu ya alizeti yana methionini ya kuridhisha, ila laisini ni haba, kwa hiyo anayetengeneza chakula cha kuku huongeza dagaa au soya.