Kiatu, Kibuyu na Umati: Tuitazame Life of Brian

Filamu ya Life of Brian, iliyotolewa mwaka 1979 na wachekeshaji wa Uingereza wanaoitwa Monty Python, ina jina baya kuliko inavyostahili. Ilipigwa marufuku Ireland na Norway, na baadhi ya mabaraza ya miji ya Uingereza kwenyewe yakaizuia. Hata fedha za kuitengeneza nusura zikosekane, kampuni ya kwanza ilipojitoa. Aliyeiokoa ni George Harrison, mwanamuziki wa Beatles. Walioishutumu walidai kwamba inamkejeli Yesu. Mimi ni muumini, na sikubaliani nao.

Yesu anaonekana humo kwa muda mfupi tu, akihubiri mlimani, na hadhihakiwi hata kidogo. Kichekesho kiko nyuma kabisa ya umati, ambako watu hawasikii vizuri, wanagombana, na mmoja anasadiki kwamba waliobarikiwa ni watengeneza jibini. (Utani huo umejengwa juu ya sauti za Kiingereza. Mfasiri ana kazi: neno "wapatanishi" halifanani na chakula chochote ninachokijua.)

Brian ni kijana wa kawaida aliyezaliwa katika zizi la jirani. Umati unamdhania kuwa Masihi. Anakimbia, anaacha kibuyu na kiatu. Papo hapo wafuasi wanagawanyika: hawa wanainua kiatu juu kama ishara, wale wanashikilia kibuyu. Dini haijamaliza hata saa moja, tayari ina madhehebu! Asubuhi yake Brian anawaambia kutoka dirishani kwamba hawahitaji kumfuata mtu, kila mmoja ni tofauti na mwenzake. Wanaitikia wote kwa sauti moja kwamba ni kweli, wao ni tofauti. Mtu mmoja tu anakana.

Hapo nilicheka, kisha nikanyamaza. Kinachopigwa ni ule uvivu wa kutaka mwingine atufikirie, nao haukai kanisani au msikitini peke yake. Tunaokariri maelezo ya mhadhiri na kuyarudisha neno kwa neno siku ya mtihani, tumo katika umati ule.

Kwa wanafunzi wa lugha kuna tukio jingine tamu. Brian anaandika ukutani usiku, kwa Kilatini kibovu, kwamba Warumi waende kwao. Afisa wa Kirumi anamkamata, lakini kinachomuudhi ni sarufi. Anamsahihisha kwa ukali, upanga shingoni, kisha anamwamuru aandike sentensi sahihi mara 100. Aliyewahi kuadhibiwa kwa upatanisho wa ngeli atamjua mwalimu huyo mara moja.

Si kila kitu kinanipendeza. Chombo cha anga kinachozuka katikati hakina kazi yoyote pale. Mwisho wake, ambapo waliosulubiwa wanaimba wimbo wa furaha, ni mgumu kwangu, na anayeumia kwa hilo simlaumu. Lakini aumie baada ya kuitazama. Mwenye wasiwasi aanze na tukio la kiatu na kibuyu, kisha aje tubishane.