Filamu « Virunga » na hesabu ya miaka ya Ndakasi

Filamu *Virunga* ya Orlando von Einsiedel ilitoka 2014, na mpaka leo tukiongelea mbuga yetu haikosi mutu wa kuitaja. Ni filamu ya nguvu. Inaonyesha mambo ya petroli, vita ya M23, walinzi wanaokufa kazini, na gorila yatima wa senta ya Senkwekwe, pale Rumangabo. Lakini kuna swali moja ambalo naona imelipita mbio: gorila wa ndani ya uzio anaishi miaka ngapi, na hiyo miaka tuilinganishe na nini?

Tunamuona André Bauma anabeba wale yatima sawa watoto wake. Tunamuona Kaboko anaugua, anakufa. Tunalia, kisha kamera inarudi vitani. Machozi ni ya haki, ila mutazamaji anatoka na picha ya upendo tu, bila kuelewa juu ya nini upendo ule haukutosha.

Tuchukue Ndakasi. Walimukuta 2007, akiwa na miezi 2, ameshikilia mwili wa mama yake aliyepigwa risasi. Alikufa mwezi wa tisa 2021, na miaka 14. Porini, gorila wa milima anaweza kupita miaka 35. Hapo mabishano yanaanza. Mumoja anasema: « Munaona, kufungwa kunaua! » Mwingine anamutaja Fatou, gorila wa zoo ya Berlin aliyepita miaka 60: « Munaona, zoo inarefusha maisha! »

Kwangu mimi, wote wawili wanahesabu vibaya. Fatou ni gorila wa magharibi, aina nyingine. Gorila wa milima hayuko mu zoo yoyote duniani. Na Ndakasi, siku ile ya 2007, hakuwa kati ya miaka 14 na 35. Alikuwa kati ya miaka 14 na miezi 2.

Tembo wanatusaidia kuona vizuri zaidi. Utafiti mumoja ulitoka mu jarida *Science* mwaka 2008. Kati ya tembo jike wa Afrika waliozaliwa mu zoo za Ulaya, nusu hawakufika miaka 17. Mu mbuga ya Amboseli, Kenya, nusu walifika 56. Wengi wanaishia hapo, wanapiga makofi. Lakini ile 56 inawaacha kando tembo waliouawa na watu. Ukiwaingiza, inashuka mpaka karibu 36. Kumbe hata pori si kitu kimoja: kuna pori lenye risasi na pori bila risasi.

Uzio nao si kitu kimoja. Utafiti wa 2016 juu ya aina zaidi ya 50 za wanyama wanaonyonyesha ulikuta zaidi ya nne kwa tano wanaishi muda murefu zaidi mu zoo. Wanaofaidika sana ni wale wenye maisha mafupi, wanaozaa haraka: mu zoo hakuna njaa wala chui, na daktari yuko karibu. Tembo anayekomaa polepole, mwenye kutegemea mama na shangazi zake, hapati faida hiyo.

Ndiyo maana nalaumu filamu kidogo. Ilipaswa kutuambia waziwazi kwamba Senkwekwe si zoo wala si pori. Ni pahali pa kupokea wale ambao pori lao limeuawa. Kuwalaumu walezi juu ya miaka 14 ni kuwakosea, na kuisifu ile miaka 14 sawa ushindi ni kumusahau mama.

Sisi tuliosoma, mutu akituletea namba ya namna hii, tumuulize: ni munyama gani? Unamulinganisha na nani? Na waliokufa kwa risasi umewahesabu? Juu ya Virunga, hilo swali la tatu ndilo zito kuliko yote. Tukiliruka, tutabishana sana juu ya uzio na kumwacha aliyeshika bunduki ajiendee.