Mkono wa Mkunga na Vipimo vya Damu

Mama anayeishi juu kwenye mawe ya Igogo, jijini Mwanza, uchungu ukimshika usiku, hushuka polepole hadi barabarani ndipo apate bajaji. Akishajifungua, maisha yake yamo mikononi mwa mkunga.

Kwa miaka mingi damu inayomtoka mama baada ya kujifungua ilikadiriwa kwa macho, na macho hupunja. Iliyonywewa na khanga haihesabiki. Ndiyo maana utaratibu uliojaribiwa katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania ulianzia kwenye shuka ya plastiki yenye mfuko uliochorwa vipimo. Damu ikifika mililita 500, mkunga hangoji. Anakanda tumbo ili mji wa mimba ujikaze, anachoma oksitosini ya kuukaza zaidi, anampa mama gramu 1 ya asidi ya traneksamiki ya kuzuia kuvuja damu, anafungua dripu, kisha anakagua mchaniko na mabaki ya kondo. Vyote kwa mkupuo, si kimoja kimoja.

Matokeo yalitangazwa 2023: madhara makubwa ya kuvuja damu yalipungua kwa asilimia 60.

Nyuma ya tarakimu hiyo kuna kazi isiyopigiwa makofi. Oksitosini hutaka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo umeme ukikatika lazima mtu aikumbuke friji. Sinia ya dharura hukaguliwa kila zamu, kanula kwa kanula. Na mama anayepewa rufaa kupanda hospitali ya Bugando huhitaji karatasi inayoonyesha saa ya kila dawa, daktari wa upasuaji asije akabahatisha. Karatasi hiyo huandikwa na mkunga aliyesimama usiku kucha.