Darasa Halijibu

Mwalimu amesimama mbele ya darasa, anaita rejista kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Anafika kwa jina la Bueller. Kimya. Anaita tena. Kimya. Anazidi kuita kwa sauti ile ile, bila hasira wala haraka, nasi tunaonyeshwa dawati tupu. Msichana mmoja anajitolea kueleza, kwa mlolongo mrefu wa nani alimwambia nani, kwamba Bueller anaumwa sana. Mwalimu anamshukuru, anaita jina linalofuata, Frye, na Frye naye hayupo.

Hapo hakuna aliyesema la kuchekesha. Hata hivyo, tangu Juni 1986 filamu hiyo, Ferris Bueller's Day Off, ilipoingia kumbi za sinema za Marekani, watu hawajaacha kulichekea darasa hilo. Mwandishi na mwongozaji wake ni John Hughes, yule yule aliyeandika Home Alone. Kisa chenyewe kinasimulika kwa pumzi moja: kijana wa sekondari kutoka viunga vya Chicago anajifanya mgonjwa, anamburuta rafiki yake Cameron Frye kutoka kitandani, anamtoa mpenzi wake Sloane shuleni kwa hila, na watatu hao wanakula raha mjini huku msimamizi wa nidhamu wa shule akimsaka kijana huyo hadi nyumbani kwao.

Mtu aliyesoma shule ya bweni huku Mau Narok hahitaji kutafsiriwa kisa hicho. Shule zetu ziko juu, baridi ya Julai inapenya sweta mbili, na kila kizazi cha wanafunzi kina hadithi ya aliyeruka ua akadandia lori la karoti hadi Njoro au Nakuru, na ya mwalimu wa zamu aliyemngoja langoni kwa utulivu jioni. Tunachekea mambo yale yale. Ndiyo maana nimeirudia filamu hii mara nyingi, na msimu huu nimeitazama pamoja na wanafunzi wa klabu ya drama. Kila nikiirudia, kicheko kinabaki palepale, ila jicho langu linazidi kuvutwa na kazi ya mikono iliyokitengeneza. Vichekesho vya aina hii huonekana kama vilijiandika vyenyewe. Ukivitazama polepole unaona jasho.

Tuanze na mwalimu yule. Ben Stein hakuwa mwigizaji wa kazi. Alikuwa mwanasheria aliyewahi kumwandikia hotuba Rais Nixon, na babake, Herbert Stein, alikuwa mchumi mashuhuri. Stein mwenyewe amesimulia kwamba aliitwa asome majina tu, tena akiwa nje ya picha. Vijana waliokuwa wamekaa kwenye madawati wakaangua kicheko waliposikia sauti yake, na Hughes akaamua kumweka mbele ya kamera na kumwambia afundishe jambo analolijua vyema. Stein akafundisha uchumi. Akaeleza sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1930, na kila baada ya maneno machache akaliuliza darasa kama kuna anayejua jibu, akangoja kidogo, kisha akajijibu mwenyewe.

Hughes alitambua kwamba utamu wa mahali hapo si mwalimu. Utamu ni nyuso. Mwalimu anauliza, nasi tunapelekwa kwa kijana aliyekodoa macho, mdomo wazi. Anauliza tena, tunampata msichana akipuliza ubani mpaka ukapasuka. Anaendelea, na hapo kuna mwenzao aliyelalia dawati, mate yametiririka na kufanya kidimbwi kidogo juu ya mbao. Hakuna uso unaokaa kwenye skrini zaidi ya muda unaohitajika, na hakuna hata mmoja unaoigiza kuchoka. Wamechoka kweli, au wameelekezwa na mtu aliyekumbuka vizuri sana saa ya mwisho kabla ya kengele ya chakula cha mchana. Na mwalimu hadhihakiwi. Anajua somo lake, analifundisha kwa usahihi, na pengo kati ya bidii yake na usingizi wa darasa ndilo linalochekesha. Mimi ni mwalimu, na sijawahi kuhisi kwamba tukio lile linanitukana.

Halafu kuna namna Ferris anavyosema nasi. Matthew Broderick, akiwa na umri wa miaka 23 wakati wa kupiga picha, anaamka kitandani, anageukia kamera, na kutufundisha jinsi ya kumdanganya mzazi: usijifanye una homa, maana utapelekwa kwa daktari, lamba viganja vya mikono viwe na unyevu. Anatufanya washirika wake kabla hatujaamua kama tunampenda. Huu ni ufundi ambao Afrika Mashariki tumeujua tangu zamani. Mtambaji wa ngano haanzi mpaka hadhira iitike pakawa, na katikati ya hadithi humgeukia msikilizaji na kumuuliza yeye angefanyaje. DJ Afro alijijengea jina Kenya nzima kwa kazi ya jamii hiyo hiyo, akisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili na Sheng juu ya sauti za wenyewe, na vibanda vya video vikajaa watu waliokuja kumsikiliza yeye kuliko kumtazama shujaa. Ferris hufungua hadithi yake kwa kutuita na huifunga kwa kutuaga: baada ya majina ya wahusika kupita, anatokea na vazi lake la kuogea, anashangaa kwamba bado tumekaa, anatuambia twende nyumbani.

Sasa nifike kwenye ukataji wa picha, ambapo nadhani ubora wa filamu hii umelala. Mhariri alikuwa Paul Hirsch, aliyeshinda Oscar kwa kuwa mmoja wa wahariri wa Star Wars. Mkato wa kwanza wa Ferris ulikuwa na saa mbili na dakika 45. Filamu tunayoitazama ina dakika 103. Kilichowaokoa ni jambo dogo ambalo mtazamaji hulipita: kisa chote ni cha siku moja, kwa hiyo wahusika hawabadilishi nguo. Hirsch amesema kwamba hilo lilimpa uhuru wa kuhamisha matukio, kwa kuwa koti la asubuhi ndilo la alasiri.

Uhuru huo ulitumika hasa kwa tukio la jumba la sanaa. Awali lilifuata gwaride la barabarani, pale Ferris anapopanda juu ya gari lililopambwa na kuimbisha mji mzima. Watazamaji wa majaribio wakaliweka tukio la jumba la sanaa mkiani. Hughes na Hirsch hawakulitupa. Walilisogeza likatangulia gwaride na wakabadilisha muziki wake, kwani baada ya kelele zile hakuna mtu aliyekuwa tayari kunyamaza. Picha zikabaki zile zile, watu wakalipenda.

Na ni tukio la kupendwa kweli. Wako katika Art Institute ya Chicago, mahali ambapo Hughes mwenyewe alikuwa akikimbilia alipokuwa mwanafunzi. Hakuna anayesema neno. Watatu hao wanajiunga na msururu wa watoto wadogo walioshikana mikono na kupita nao. Kisha Cameron anasimama peke yake mbele ya mchoro mkubwa wa Georges Seurat wa watu wakipunga hewa kando ya mto, mchoro uliokamilika mwaka 1886, miaka 100 kamili kabla ya filamu. Katikati yake kuna mtoto aliyevaa nguo nyeupe. Kamera inamtazama mtoto, inarudi kwa Cameron, inamsogelea mtoto, inamsogelea Cameron, karibu, karibu zaidi, mpaka uso wa mtoto unageuka nukta za rangi na hausomeki tena. Alan Ruck, aliyekuwa na miaka 29 akiigiza kijana wa shule, hafanyi lolote ila kutazama. Unatoka hapo ukijua kwamba kijana huyu anaogopa kuwa akitazamwa kwa karibu hatapatikana mtu ndani yake. Mbele, atakapoipiga mateke Ferrari ambayo babake anaipenda kuliko anavyompenda yeye, hutashangaa.

Si kila kitu kimedumu. Vitimbi vya msimamizi wa nidhamu na mbwa, matope na viatu, ni vya kawaida, na katika klabu yetu hapo ndipo wanafunzi walipoanza kunong'ona. Lakini mpe simu mezani na anarudi kuwa mtamu. Anamtukana anayempigia akiamini ni Ferris anayejifanya babake Sloane, na karani wake anamwarifu kwamba Ferris yuko kwenye laini nyingine. Ruck ndiye mwenye ile sauti ya mzazi mkali. Aliichota kwa Gene Saks, aliyewaongoza yeye na Broderick katika tamthilia ya Biloxi Blues jukwaani New York, na wawili hao walikuwa wamezoeana kiasi kwamba hakuna anayemkanyaga mwenzake anapozungumza.

Tamasha la Kitaifa la Drama na Filamu linapokea sasa filamu za wanafunzi, na shule nyingi za huku zinadhani zimeshindwa kabla ya kuanza kwa sababu hazina mavazi wala vifaa. Tunazo sare. Sare ni zile zile asubuhi hadi jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa hiyo tukio lisilofaa mahali hapa linaweza kuhamia pale bila mtu kugundua. Mwalimu mwenzangu, chukua dakika zile za somo la uchumi, zima sauti, waache wanafunzi watazame nyuso tu na waseme kila uso umekaa kwa muda gani. Kisha wape simu moja, waende wakapige picha darasa lao lenyewe likimsikiliza mtu anayeuliza swali.